Kabla Hujamwachisha Mtoto Ngano

Muhula uliopita mwenzetu mmoja pale hosteli, chumba cha pili kutoka changu, alitangaza kwamba ameacha ngano. Chapati hapana, andazi la asubuhi hapana, mkate hapana. Kaona kwenye simu kwamba gluteni ni sumu. Tena ana mdogo wake wa miaka mitatu kule nyumbani ambaye haongezeki uzito, na ameshampigia mama yao simu amwachishe mtoto ngano leo leo. Wengine walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu miaka miwili iliyopita, nikiwa mwaka wa kwanza, nilipiga simu kama hiyo kwa dada yangu. Na ubaya wa simu yangu ni kwamba nilikuwa nimepatia, ila nilipatia nusu.

Kwanza tuelewane gluteni yenyewe ni kitu gani. Ukikanda unga wa ngano kwa ajili ya chapati, donge linavutika, unalisukuma na halikatiki. Kinachovutika pale ni protini, na hiyo ndiyo gluteni. Imo kwenye ngano na kwenye shayiri, na kwenye nafaka ya rai ambayo huku kwetu ni nadra kuiona. Kwenye mahindi, mchele, mtama, uwele, ulezi, muhogo, viazi na ndizi haimo. Ndiyo maana hakuna mtu anayesukuma ugali ukawa chapati.

Kwa watu wengi gluteni ni chakula tu. Lakini kuna ugonjwa unaoitwa seliaki, ambao kinga ya mwili ya mgonjwa inaiona gluteni kama adui, na katika kupambana nayo inaujeruhi utumbo wa mwenyewe. Hii si mzio kama ule wa kuvimba midomo ukila karanga. Ni kazi ya polepole. Ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba una vijidole vidogo mno, vimesimama vingi kama nyuzi za taulo, na hivyo ndivyo vinavyonyonya chakula. Kwa mgonjwa wa seliaki vijidole vinalala hadi taulo linabaki shuka. Mtoto anakula, sahani inaisha, lakini mafuta, madini ya chuma na vitamini vinapita zake. Na mtoto, tofauti na mimi na wewe, hahitaji chakula cha kuishi tu, anahitaji na cha kukua.

Mpwa wangu alizaliwa Unguja na uzito wa kawaida, na mpaka anakaribia mwaka mmoja mstari kwenye kadi yake ya kliniki ulikuwa unapanda vizuri. Akazoea mkate wa kuchovya kwenye chai, akazoea biskuti. Mstari ukalala. Kuharisha kukawa kunakuja na kuondoka, choo kingi, kimepauka, kina harufu ya kufukuza watu. Tumbo limetuna kama ngoma, mapaja yamekonda, matako yamesinyaa. Wenzake wanakimbia uwanjani, yeye amekaa kibarazani ananung'unika. Biskuti hizo, niseme ukweli, nyingine nilikuwa nampelekea mimi kila nikishuka na boti wakati wa likizo. Ndicho kitu pekee alichokuwa anakubali kula bila kubembelezwa.

Alipewa dawa za minyoo mara nyingi hadi dada akawa anazijua kwa rangi. Akatibiwa amiba. Akapewa dawa ya kuongeza damu miezi kadhaa, damu haikupanda. Mtaani maneno yakaanza: mtoto kabemendwa. Kwa ambaye hajui, kubemenda ni ile imani kwamba wazazi wakikutana kimwili wakati mama bado ananyonyesha, au mmoja akitoka nje ya ndoa, mtoto anadhoofika. Yaani tumbo la mtoto linageuzwa kesi ya ndoa ya mama yake. Dada aliibeba kesi hiyo miaka mitatu na zaidi. Mawifi walimwangalia kwa jicho lile, na mimi, msomi wa familia, sikufungua mdomo hata siku moja kumtetea. Sikuwa na jibu jingine la kuwapa, na ndani ya moyo wangu nadhani hata mimi nilikuwa nimeanza kujiuliza.

Basi usiku mmoja hapa chuo nikasoma kuhusu seliaki. Kila dalili niliyosoma ilikuwa ni yule mtoto. Nikampigia dada saa tano usiku: acha kumpa ngano, kabisa. Akaacha. Wiki ya tatu kuharisha kukakoma. Wiki ya tano mtoto anadai chakula mwenyewe. Nikajiona daktari.

Wiki hiyo hiyo zamu yao ikafika kwa daktari bingwa wa watoto, miadi waliyokuwa wameisubiri muda mrefu. Huyu aliuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuuliza. Kwenye ukoo kuna mtu aliyeanza kisukari utotoni? Yupo, shangazi wa mtoto, anajidunga insulini tangu akiwa shule ya msingi. Damu imekataa kupanda hata kwa dawa? Imekataa. Kisukari cha namna hiyo na seliaki hupenda kutembea kwenye familia moja, na upungufu wa madini ya chuma usiosikia dawa ni mlango wanaougonga mara nyingi. Daktari akaanza kuandika kipimo. Dada kwa furaha akamwambia, ngano tumeshamwachisha, wiki ya tano hii. Daktari akaweka kalamu chini.

Hapa ndipo penye ile nusu niliyoikosa. Kipimo cha kwanza cha seliaki ni cha damu. Kinatafuta askari maalumu ambao mwili unawatengeneza wakati mgonjwa anakula gluteni. Ukiondoa gluteni, askari wanapungua kidogo kidogo. Hatua ya pili kwa wagonjwa wengi ni kamera nyembamba inayopitishwa mdomoni hadi mwanzo wa utumbo mwembamba, kuchukua vipande vidogo vya kuangaliwa kwa hadubini. Hivyo navyo, ukiacha ngano, vijidole vinaanza kusimama tena. Maana yake ukimwachisha mtoto kabla ya kupima, unafuta alama za vidole eneo la tukio halafu unawaita polisi.

Majibu ya damu yalirudi ya katikati, si ndiyo si hapana. Ikabidi mtoto arudishiwe ngano, wiki nane, kwa makusudi. Alikuwa na miaka 5, kilo 13, urefu sentimita 97, yaani urefu wa mtoto wa miaka 3. Tumbo lilirudi kutuna ndani ya siku chache. Kuna usiku dada alinipigia simu, nyuma yake namsikia mtoto analia, akaniuliza mimi kama amalizie wiki mbili zilizobaki au aache. Aliniuliza mimi. Nikamwambia amalizie. Sijawahi kujisikia vibaya namna ile kwa kutoa jibu sahihi.

Mtu anaweza kusema, kama mtoto alishapona bila ngano, kipimo cha nini? Nilifikiri hivyo hivyo. Kwanza, seliaki haina dawa ya siku saba. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote, na hakuna familia inayoweza kushika jambo la maisha yote kwa msingi wa "nadhani". Idi ya kwanza tu, bibi atasema kipande kimoja hakimuui. Pili, tumbo la mtoto linaweza kutulia kwa sababu nyingine kabisa, ugonjwa halisi ukabaki unaendelea chini kwa chini. Tatu, ugonjwa huu una mizizi kwenye ukoo: kwa ndugu wa damu wa karibu wa mgonjwa, takriban mmoja kati ya 10 anao pia, wengine bila dalili ya wazi. Bila jibu la uhakika usingejua kama wadogo zake nao wapimwe. Safari hii jibu lilikuja la uhakika. Askari walikuwa wengi mno kwenye damu, na vijidole vimelala kabisa.

Kwamba ni ngano ndiyo inayowafanya watoto hawa wasikue, dunia ilichelewa sana kujua. Mwaka 1888 daktari Samuel Gee wa London alichapisha maelezo mazuri ya ugonjwa wenyewe, akasema wazi kwamba kama mgonjwa anaweza kupona basi ni kwa chakula. Ila chakula gani, hakujua. Mwaka 1924 Sidney Haas wa New York akaanza kuwatibu watoto kwa ndizi. Ndizi, kweli! Na watoto wakanenepa. Haas aliamini ndizi ndiyo dawa, kumbe siri ilikuwa kwenye alichokiondoa sahani hiyo hiyo: mkate na nafaka. Kwa kuwa hakulijua hilo, aliona mtoto akishapona anaweza kurudi kwenye mkate. Sisi wa nchi za ndizi tungependa ingekuwa kweli.

Aliyefumbua fumbo ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, wa hospitali ya watoto mjini The Hague. Kabla ya Vita ya Pili ya Dunia alikuwa ameshaanza kuishuku ngano. Kisha ikaja baridi ya 1944 hadi 1945, wakati magharibi ya Uholanzi ilikumbwa na njaa hadi watu wakala vitunguu vya maua ya tulipu. Mkate ukawa adimu. Watoto wote wa nchi wanadhoofika, lakini wagonjwa wa seliaki wana nafuu, na mkate uliporudi mezani wakarudi kuumwa. Mwaka 1950 Dicke alitoa tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Utrecht, na ndani yake kuna michoro ya ukuaji wa watoto: ngano ikitoka mstari unapanda, ngano ikirudi mstari unaanguka. Akiwa na wenzake van de Kamer, mtaalamu wa kemia, na Weijers, walionyesha kwamba wanga wa ngano hauna shida, kinachoumiza ni ile protini. Nikiangalia michoro ya namna ile nakumbuka kadi ya kliniki ya mpwa wangu. Ni mchoro ule ule.

Rafiki yangu mmoja wa kitivo cha tiba aliniambia, aah, huo si ugonjwa wa Wazungu? Ni kweli kwamba unahitaji chembe fulani za urithi, na kwamba katika nchi nyingi za Ulaya unakadiriwa kumpata kama mtu mmoja kati ya 100. Lakini mojawapo ya viwango vikubwa kuliko vyote vilivyowahi kuandikwa duniani vimetoka Afrika hii hii. Utafiti uliochapishwa 1999 kwa watoto wa Kisahrawi, watu wa Sahara Magharibi wanaoishi kwenye kambi za wakimbizi karibu na Tindouf, Algeria, ulikuta asilimia 5.6 wana seliaki. Hawa asili yao ni maziwa ya ngamia, nyama na tende. Ukimbizini chakula cha msaada kikawa na unga wa ngano mwingi. Sasa hebu fikiria kambi ambako unachopewa kula ndicho kinachokuzuia kukua. Kusini mwa Sahara ugonjwa huu haujatafutwa sana, na kitu kisichotafutwa hakionekani.

Tuje kwenye kukua kwenyewe, maana ndiko dada alikokuwa anakesha akikuuliza. Uzito ndio unaotangulia. Ndani ya miezi 6 mpwa wangu aliongeza kilo 3. Hasira ziliisha mapema zaidi. Wiki ya pili tu bibi alisema "mtoto kabadilishwa". Ile dawa ya damu ambayo zamani haikufanya kitu, safari hii ilifanya, kwa sababu sasa kulikuwa na utumbo wa kuinyonya. Maziwa aliyokuwa hayawezi aliyaanza tena baada ya miezi michache: kimeng'enya kinachosaga sukari ya maziwa hutengenezwa juu ya vile vijidole, hivyo vikilala nacho kinapotea, vikisimama kinarudi.

Urefu unachelewa, halafu unakuja kwa kishindo. Mwaka 1963 madaktari Prader, Tanner na von Harnack waliandika kuhusu ukuaji wa kufidia: mtoto aliyezuiwa kukua na ugonjwa au njaa, kizuizi kikiondoka, hakui tu kama wenzake, anakua kwa kasi kuwapita hadi ausogelee mstari wake wa zamani. Mtoto wa kawaida wa umri ule huongeza sentimita 6 au 7 kwa mwaka. Mpwa wangu mwaka wa kwanza aliongeza 11, wa pili 8. Dada alikuwa anampima kwa penseli kwenye fremu ya mlango wa jikoni kila mwisho wa mwezi, ingawa nilimwambia mara moja kwa miezi mitatu inatosha. Watoto wengi hufidia urefu ndani ya miaka miwili au mitatu, na mifupa nayo inarudisha madini yake vizuri.

Ila kuna mlango unaofungwa. Mifupa mirefu inakua kutokea kwenye vipande laini karibu na ncha zake, na balehe ikimalizika vipande hivyo vinakuwa mfupa mtupu. Aliyegunduliwa na miaka 4 ana muda wa kufidia. Aliyegunduliwa na 16 anaweza kupona tumbo, damu na uchovu, lakini akabaki mfupi. Meno ya ukubwani yaliyojengeka vibaya wakati wa ugonjwa nayo hayajirekebishi. Na mtoto akiwa ameacha gluteni kweli kweli halafu bado harefuki, mrudishe kwa daktari: ama kuna gluteni imejificha mahali, ama kuna jambo jingine, kwa mfano tezi ya shingo au homoni ya ukuaji.

Kujificha ndiko kazi ilipo. Kwa bahati jiko la pwani lina vya kutosha: wali, ugali, muhogo wa nazi, ndizi, viazi, maharage, samaki, vitumbua, mkate wa kumimina wa mchele, mofa ya mtama. Mpwa wangu hajawahi kukosa cha kula. Shida ni vya pembeni. Urojo, ambao kwa mtu wa Unguja ni kama haki ya kuzaliwa, hukorogwa na unga wa ngano. Vitumbua vya dukani wengine huvichanganya ngano kidogo, au huvikaanga kwenye mafuta yaliyotoka kukaangia maandazi. Chipsi za kwenye mafuta ya sambusa hivyo hivyo. Uji wa lishe, ambao kila mtu anampa mtoto aliyekonda kwa nia njema, baadhi ya wasagaji hutia ngano ndani yake. Hata mtama safi ukisagwa kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano unarudi na ngano. Na kiasi kinachodhuru ni kidogo: kwa kipimo cha kimataifa, chakula cha kuandikwa "hakina gluteni" kisizidi miligramu 20 kwa kilo moja. Makombo ya mkate yanatosha kuvuruga hesabu hiyo. Dada aliishia kununua kinu chake.

Narudi kwa jirani yangu wa hosteli. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Hao karibu wote hawana seliaki. Wana lishe duni, wana mama waliokuwa na upungufu wa damu wakati wa ujauzito, wana kuhara kwa maji machafu kusikokwisha. Ukimnyang'anya mtoto kama huyo mkate bila kumpa kitu mahali pake, umempunguzia chakula. Unga wa ngano wa viwandani huku kwetu huongezwa madini ya chuma na foliki asidi kwa mujibu wa sheria. Ukiuondoa na hivyo vinaondoka. Na vile vipakiti vya biskuti zisizo na gluteni kwenye supamaketi, bei yake inatisha na ndani mara nyingi ni sukari na mafuta tu. Mtoto asiye na seliaki harefuki hata sentimita moja kwa kuvila.

Nilimwambia hayo yote kibarazani, labda kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Akaniuliza, sasa nifanyeje? Nikamwambia ampigie mama tena, mtoto aendelee kula kama kawaida, wachukue kadi ya kliniki waende nayo kwa daktari wa watoto. Wamwambie tangu lini mstari umelala, choo kikoje, nani kwenye ukoo ana kisukari cha utotoni au ugonjwa wa tezi, na waulize kuhusu kipimo cha seliaki. Ikiwa hana, jibu liko kwingine na watafute huko. Ikiwa anayo, hapo sasa waache ngano, siku hiyo hiyo, na wasigeuke nyuma.

Mwenyewe ameshaanza tena chapati. Mdogo wake, majibu bado.

Mpwa wangu sasa ana miaka 7 na sentimita 116, yuko darasa la pili, na kwa darasani kwao si mfupi tena wa mwisho. Likizo iliyopita nilimshukia na korosho na kashata. Alizipokea, akauliza kashata imetengenezwa na nini, nikamwambia nazi na sukari, akaenda kumuuliza mama yake kama kweli.